Mficha Uchi Hazai

Usiku mmoja wa Aprili 1969, kijana wa miaka 24 aitwaye Steve Crocker alijifungia bafuni ili aandike. Alikuwa amefikia kwa marafiki, wenyeji walikuwa wamelala, na bafuni ndipo pekee alipoweza kukaa na kazi yake bila kumsumbua mtu. Alikuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kazi iliyomnyima usingizi haikuonekana kubwa: alitakiwa kuweka kwenye karatasi mambo ambayo yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wakiyajadili kwa miezi kadhaa.

Kilichomsumbua hakikuwa uchovu. Alijiona hana haki ya kuandika.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ARPA, ulitaka kuunganisha kompyuta za vyuo na taasisi mbalimbali, na kila kompyuta ilikuwa na lugha na tabia zake. Kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, ilipewa mkataba wa kutengeneza mashine za kupitisha ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Lakini swali la pili lilibaki bila mwenyewe: ujumbe ukishafika, kompyuta hizi kubwa zitazungumzaje? Vituo vinne vya kwanza viliachiwa swali hilo, na ndani ya vituo hivyo wakubwa wakawaachia wanafunzi. Crocker alikuja kusimulia baadaye kwamba yeye na wenzake waliishi wakitarajia siku moja watatokea wakubwa kutoka pwani ya mashariki, watu wenye vyeo na majibu, waichukue kazi. Wakubwa hao hawakutokea.

Kwa hiyo alipoandika, aliandika kama mtu anayeogopa kuambiwa, "Na wewe nani kakutuma?" Aliziita karatasi zile ombi la maoni. Kwa Kiingereza jina hilo hufupishwa RFC, na ya kwanza ina tarehe ya 7 Aprili 1969. Katika utangulizi anamweleza msomaji kwamba yaliyomo ni makubaliano ya muda tu, kwamba machache sana kati yake yamethibitika, na kwamba anatarajia watu wamjibu. Ndani ya andiko hilo hilo kuna sehemu za maswali ambayo hana jibu lake. Hakuyaficha. Aliyapa vichwa vya habari.

Mimi ni mwanaprogramu. Nimeisoma RFC ya kwanza mara kadhaa, na kila mara naiona kama hodi. Sisi tunaielewa vizuri hodi. Anayebisha hasemi nyumba ni yake. Wala hakai nje kimya akisubiri mlango ujifungue. Anatangaza kwamba yupo, kisha anampa mwenyeji nafasi ya kusema karibu, au subiri kidogo, au hapa si hapo unapopatafuta. Kwa yote matatu, aliyebisha anakuwa amejua jambo ambalo hakulijua alipokuwa kimya.

Mwezi huo huo Crocker alitoa RFC ya tatu, inayoweka kanuni za kuandika karatasi hizi, na kwangu hii ndiyo ina uzito kuliko ya kwanza. Kanuni zenyewe ni za ajabu. Yeyote katika kituo chochote anaweza kuandika. Mawazo yasiyo na mifano yanakubalika. Maswali yasiyo na majaribio ya majibu yanakubalika. Urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Ni afadhali andiko litoke mapema likiwa ghafi kuliko lichelewe likipambwa. Crocker alitoa na sababu: watu wakiona kitu kimeandikwa hukichukulia kuwa amri, na kwa kulijua hilo wengi huogopa kuandika jambo ambalo halijaiva. Alitaka kuvunja yote mawili kwa pamoja, woga wa mwandishi na unyenyekevu wa msomaji.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, mwanafunzi mwenzake Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta ya Los Angeles na kujaribu kuingia kwenye kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Alikusudia kuandika neno LOGIN. Herufi mbili zilifika, L na O, kisha mfumo ukaanguka. Baada ya saa moja hivi walijaribu tena na wakafaulu. Mtandao ule, ARPANET, ndio mzazi wa intaneti ya leo. Mapendekezo mengi ya RFC ya kwanza hayakudumu; yalibadilishwa, kisha yaliyoyabadilisha nayo yakabadilishwa, hadi tarehe 1 Januari 1983 mtandao mzima ulipohamia kwenye itifaki tunazotumia hadi sasa. Ila desturi ya kuandika haikubadilishwa. Leo kuna zaidi ya RFC 9,000. Njia ambayo ujumbe wako wa simu unapita, jinsi anwani ya tovuti inavyogeuzwa kuwa namba, jinsi barua pepe inavyopata mlango wa mpokeaji: yote yameandikwa humo, yanasomwa bure, na bado yanaitwa maombi ya maoni.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Ni methali ya wazi kiasi kwamba walimu wa shule za msingi huikwepa, ila kwa kazi yangu sijapata iliyo bora. Mtu asiyekubali kuonekana alipo, hata kwa mkunga, hapati anachokitamani. Katika uandishi wa programu uchi wetu ni kutojua. Tunajua kidogo, na hicho kidogo kinachakaa kila baada ya miaka michache. Kila mmoja analijua hilo kuhusu nafsi yake na anadhani wengine wako tofauti.

Nimefanya kazi mahali ambapo kutokujua kulifichwa kwa bidii, na kujua pia. Palikuwa na kaka mmoja, fundi hasa, aliyeshika sehemu ya mfumo inayopokea malipo. Hakuna maelezo aliyoandika. Ukimuuliza alikujibu kwa upole, kisha akaikamilisha kazi mwenyewe kabla hujaona alivyofanya. Siku alipolazwa na malaria, mfumo ulisimama siku tatu, na tuliokuwepo tulikuwa kama watu walioachiwa gari bila ufunguo. Sikumwona kama mtu mbaya, na sasa hivi simwoni hivyo. Aliingia kazini wakati ambapo ulinzi pekee wa kijana asiye na mjomba ofisini ulikuwa kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Mafundi wengi mitaani wanaishi hivyo. Lakini nilichokiona ni kwamba kwa miaka yote ile na yeye hakuongezeka. Kwa kuwa hapakuwa na aliyeiona kazi yake, hapakuwa na wa kumwonyesha njia fupi. Siri ilimlinda, na ilimfungia pia.

Historia ya fani yetu ina mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1976, mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, alikuwa akifundisha mifumo endeshi. Aliona kwamba wanafunzi husoma kuhusu mifumo hiyo bila kuuona hata mmoja ukiwa mzima, sawa na kumfundisha mtu useremala kwa kumsimulia habari za viti. Akachukua msimbo chanzo wa Unix, toleo la sita, mfumo uliotokana na kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. Ulikuwa chini ya mistari 10,000, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukisoma na kukielewa. Akauchapa katika kijitabu kimoja, na katika cha pili akaandika ufafanuzi wake, kipande baada ya kipande.

Ndani ya msimbo ule kuna mahali maarufu ambapo waandishi wa Unix waliacha maelezo kwamba msomaji hatarajiwi kuelewa sehemu inayofuata. Vizazi vya wanafunzi viliyasoma kama dharau. Miaka mingi baadaye Ritchie alifafanua kwamba yalikusudiwa kumpunguzia msomaji mzigo, kwa maana ya "hili halitakuja kwenye mtihani", kisha akaongeza lililo zito zaidi: tatizo halisi ni kwamba wao wenyewe walikuwa hawajaelewa barabara kilichokuwa kikitokea pale. Fikiria ingekuwaje kama maelezo yale yangeandikwa hivyo tangu mwanzo. Mwanafunzi wa Sydney angejua kwamba ukungu anaouona, Thompson na Ritchie pia wameuona.

Vijitabu vya Lions havikuishi kwa amani. Kampuni ya AT&T, mmiliki wa Unix, ilipoanza kuona thamani ya mfumo huo sokoni, ilibana masharti. Leseni ya toleo la saba, mwaka 1979, ilizuia msimbo chanzo kutumika madarasani. Kuanzia hapo kazi ya Lions ikawa mali ya magendo. Wanafunzi wa mabara mbalimbali walitoa nakala ya nakala ya nakala, herufi zikififia kila zilipopita kwenye mashine. Ruhusa ya kuchapisha hadharani ilipatikana mwaka 1996, miaka 20 baada ya kuandikwa. Lions alifariki Desemba 1998. Aliwahi kuona kitabu chake kikiuzwa dukani kama vitabu vingine.

Marufuku yale yalizaa jambo ambalo mawakili wa kampuni hawakulitarajia. Mwalimu mwingine, Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alipoona hawezi tena kufundisha kwa Unix, aliandika mfumo mdogo wake mwenyewe, Minix, na mwaka 1987 akautoa pamoja na kitabu chenye msimbo wake. Kitabu hicho kilimfikia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds. Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, Torvalds aliwaandikia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwamba ni burudani yake tu na hautakuwa mkubwa, na kwamba huenda hautawahi kutumika kwenye diski za aina nyingine, kwa sababu aliyonayo ni hiyo tu. Akauliza: kipi mnakipenda katika Minix, na kipi kinawakera?

Hodi nyingine. Tazama ilivyo na sura ile ile ya 1969: anasema alipofika, anasema asichokuwa nacho, na anauliza. Mwezi uliofuata msimbo wa kwanza ulitoka, mistari kama 10,000. Watu walianza kumtumia marekebisho. Kile alichosema hakitakuwa kikubwa kilikuja kuitwa Linux, na leo ndicho kiini cha kila simu ya Android, pamoja na seva nyingi zinazobeba intaneti.

Wanaosimulia kisa hiki kwa vijana hupenda kuishia hapo, kama hadithi ya kuhamasisha. Mimi naona si haki kukiacha hapo. Januari 1992, miezi mitano tu baada ya hodi ile, Tanenbaum mwenyewe, mwandishi wa kitabu ambacho Torvalds alijifunzia, alitangaza mbele ya watu wote kwamba muundo wa Linux ni wa kizamani. Katika mabishano yaliyofuata alimwambia kijana yule ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana asingepata alama za juu. Torvalds alijibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa ukali wa maneno yake, ila si kwa msimamo wake. Hayo yote yalisomwa na maelfu na yanasomwa hadi leo. Kujifunza hadharani kuna bei yake, na si kila mtu anatozwa bei ile ile.

Crocker na wenzake walilipwa kwa fedha za serikali tajiri kuliko zote, walisoma vyuo vikubwa, na RFC za mwanzo zilisambazwa kwa posta kwa watu wachache waliofahamiana, maana mtandao wa kuzituma haukuwepo bado. Hadharani yao ilikuwa sebule. Hadharani yetu ni uwanja wa taifa. Binti wa Dodoma anayeandika leo kwamba hajaelewa jambo fulani anaweza kukutana na mtu anayemcheka Kiingereza chake kabla hajalisoma swali, na mwajiri anayelisoma swali kama ushahidi. Anayemwambia, "Andika tu, dada, usiogope," bila kuitaja bei hiyo, anamtuma sokoni bila nauli.

Ndiyo maana nimeacha kuihubiri desturi hii kama ujasiri. Naiona zaidi kama ufundi, wenye kanuni zinazofundishika. Ya kwanza ni kuchagua baraza. Crocker hakuiandikia dunia. Aliwaandikia waliokuwa na tatizo lile lile. Ya pili ni kutenganisha ninachokijua na ninachokidhani, na kuyapa maswali kichwa chake yenyewe. Ya tatu ni kuonyesha kazi, si matokeo pekee, kwa kuwa mtu hawezi kukusahihisha hatua ambayo hakuiona. Ya nne ni kujua kisichokuwa chako: nywila, taarifa za wateja na msimbo wa mwajiri havimo katika mjadala huu. Kuwa wazi kuhusu unachojifunza ni jambo moja, kumwaga siri za watu ni jambo jingine.

Na ya tano, kwetu sisi, ni lugha. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kwa Kiswahili kila ninachojifunza kazini, kurasa fupi, nikimalizia na swali. Safari moja niliandika kuhusu namna ya kupokea namba za simu kwenye fomu, kwa kuwa wengine huanza na sifuri na wengine huanza na 255, na nikauliza wenzangu wa nchi nyingine wanafanyaje. Jibu lililonifaa kuliko yote lilitoka Lubumbashi, kwa Kiswahili cha kule, kutoka kwa mtu ambaye namba zake huanza na 243. Alinionyesha njia ambayo haikutegemea nchi yoyote. Ningeandika kwa Kiingereza ningesomwa na wengi zaidi, ila yeye sidhani kama angenijibu.

Hili nalo lina historia yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Liliwezekana kwa sababu msimbo wa programu hizo ulikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kwenda kupiga magoti kwenye ofisi ya kampuni ya ng'ambo. Lakini kila neno kwenye menyu lilihitaji kuamuliwa, na kuamua neno la Kiswahili mbele ya Waswahili ni kujiweka uchi kwelikweli, maana kila mmoja wetu ni mwenye lugha na kila mmoja ana kauli.

Kisha ikaja Januari 2008. Kenya ilikuwa inaungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na habari za waliouawa na waliofukuzwa makwao hazikuwa zikifika zote redioni. Mwanasheria Ory Okolloh aliandika hadharani kwamba anatamani mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha matukio yanatokea wapi. Hakuwa na programu wala mpango kamili. Alikuwa na swali, bila jaribio la jibu; lile lile ambalo RFC ya tatu ilisema linakubalika. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine waliitika, na katika siku chache ramani ilikuwa inafanya kazi kwa jina la Ushahidi. Msimbo wake ulifanywa huria, na Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, watu ambao hawakuwahi kukanyaga Nairobi waliutumia kuelekeza misaada.

Najiuliza ingekuwaje kama Okolloh angengoja wazo liive. Pengine angeliandikia mradi, akatafuta wafadhili, akaitisha semina. Ramani ingetoka Juni ikiwa nzuri, na ingetoka kwa watu waliokwisha kuzika.

Sidai kwamba kila kurasa mbili za mwanafunzi zitazaa Linux. Nyingi hazitasomwa na watu kumi. Kati ya RFC zaidi ya 9,000, zinazokumbukwa kwa namba ni chache mno, na ile ya kwanza hakuna anayeifuata kiufundi. Ila aliyeandika anabaki na kitu hata pasipo msomaji. Kuliweka jambo kwenye maneno yatakayoonwa na mwingine ndiko kunakokulazimisha kuona ulipoishia. Mara nyingi nikifika sentensi ya tatu hugundua kwamba nilichodhani nakielewa nilikuwa nimekizoea tu. Na pale ninapofika mwisho wa ninachokijua, naandika kichwa kidogo, Maswali, kisha nayaorodhesha, nikijua kwamba kuna mtu mahali fulani, pengine Mbeya, pengine Lubumbashi, ambaye kwake ukurasa huo utakuwa na maana kwa ajili ya sehemu hiyo tu.